Mchezaji bora wa msimu: mfungaji au beki?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa kamati ya wapenzi wa timu yetu hapa Masasi. Kila mwisho wa msimu wanachama humpigia kura mchezaji bora, naye hukabidhiwa kombe na fedha kidogo. Safari hii tumegawanyika. Wapo wanaomtaka mshambuliaji aliyesajiliwa Januari, ambaye amemaliza akiwa kinara wa mabao. Wengine wanamtaka beki wa kati ambaye hakukosa mchezo hata mmoja, ingawa hakufunga bao lolote. Wazee wetu wanasema mpira ni mabao. Je, tuzo hii ni haki ya nani? – Katibu, Masasi.

JIBU: Ndugu Katibu, hoja ya wazee wenu ina uzito, lakini imekwisha kupata tuzo yake. Mfungaji bora hapigiwi kura, kwa sababu mabao huhesabika. Mpeni zawadi ya ufungaji, kisha mbaki na swali la pili, yaani ni nani aliyeibeba timu msimu mzima. Mtu mmoja anaweza kutwaa zote mbili, kama alivyofanya Stephane Aziz Ki wa Yanga msimu wa 2023/2024, alipofunga mabao 21 na kutangazwa pia mchezaji bora wa Ligi Kuu, ila yeye hakuingia katikati ya safari.

Kwa maoni yangu beki wenu ndiye anayestahili, isipokuwa daftari la michezo lionyeshe vinginevyo. Lifungueni mtazame kila bao la mshambuliaji lilifungwa wakati gani. Bao la nne katika mchezo ambao timu ilikuwa tayari inaongoza kwa matatu halikuongeza pointi, ilhali bao la dakika za mwisho lililogeuza sare kuwa ushindi liliongeza mbili. Mfanyieni na beki hesabu hiyo hiyo: katika kila ushindi wa bao moja kwa bila, kosa moja la nyuma lingewapokonya pointi mbili. (Natumaini daftari mnalo, kamati nyingi hukumbuka kuandika majina ya wafungaji tu.)

Kuna jambo jingine ambalo barua yako haikuligusa, nalo ndilo ninalolihofia zaidi. Huku Kusini, korosho zikishashika kasi mwezi Oktoba, wapenzi wengi huwa mashambani au wanasubiri mnada wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa korosho, na majukwaa hubaki na watu wachache. Wanaporejea uwanjani, dirisha dogo la usajili limekwisha kufungwa na mshambuliaji mpya yumo kikosini. Mpiga kura wa namna hiyo hamdanganyi mtu anaposema hajaona mchezaji aliye bora kuliko huyo, kwa kuwa ile miezi ambayo beki alizuia peke yake hakuishuhudia.

Hata wakubwa hukwazwa na suala la wakati. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2002, kipa Oliver Kahn wa Ujerumani aliruhusu bao moja tu kabla ya fainali, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano, na hadi leo hakuna kipa mwingine aliyeipata. Katika fainali yenyewe aliutema mpira wa Rivaldo, Ronaldo akaumalizia wavuni, na Brazil ikashinda 2-0. Wapo wanaolalamikia tuzo ile. Mimi siilalamikii, kwani ilikuwa ya mashindano mazima. Na kwa wanaodai kwamba beki hawezi kuwa bora, Fabio Cannavaro alitwaa Ballon d'Or, ile tuzo kubwa ya mchezaji bora wa mwaka, mwaka 2006 akiwa beki wa kati.

Basi, kabla ya kupiga kura, wasomeeni wanachama matokeo ya msimu mzima, mchezo baada ya mchezo, pamoja na majina ya waliocheza. Kura zikilingana, aamue kocha, maana yeye aliwaona wote wawili hata mazoezini.