Uanzie wapi: barua kwa mwanangu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Umeniuliza wiki jana: umeamua kuisoma dini ukubwani, kila usiku unasikiliza mawaidha YouTube, mashekhe watatu wanasema mambo manne, hujui uanze na tafsiri, hadithi au Kiarabu.

Kwanza nikupe aibu yangu. Enzi naanza kununua dagaa hapa mwaloni nilikuwa hodari wa mabishano. Qunuti, maulidi, kuandama kwa mwezi, kote nilikuwa na hoja. Adhuhuri moja tukatandika turubai kando ya magunia, wakanisukuma mbele niswalishe. Rakaa ya pili nikainuka bila kukaa tahiyatu. "Subhanallah!" nikasikia nyuma. Nikababaika, nikarudi chini. Nusu ya watu wamekaa, nusu wamesimama.

Mzee mmoja mpakiaji aliningoja watu watawanyike. "Ukishasimama wima hurudi, ustadhi. Unaendelea, mwisho unasujudu sijida mbili kabla ya salamu. Mtume mwenyewe yalimfika, tena adhuhuri kama hii." Madrasa utotoni alisoma Safina, basi. Na lile neno "ustadhi" alilitamka bila kucheka, ndilo lililoniuma.

Kwa hiyo anza na Safina, kile kijitabu chembamba cha fiqhi ya Kishafii: twahara, swala, mambo ya kila siku. Hiyo ndiyo fardhi ain, wajibu wa kila mtu mwenyewe, haisomewi na jirani. Na kwa kuwa umefungua duka la vitenge huko Dodoma, hukumu za kuuza, deni na riba zinakuhusu leo, na zaka pia: mali ya biashara ikifika nisabu, yaani kile kiwango cha chini cha zaka, na kutimiza mwaka, unatoa fungu moja katika arobaini. Khitilafu za maulamaa zina zaidi ya miaka elfu, hazitaoza zikikungoja kidogo.

Hadithi, chukua Arubaini ya Imamu Nawawi. Jina linasema arubaini, ndani zipo 42. Moja kwa wiki, mwaka hauishi umemaliza. Tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy isome upate maana ya unachokisoma, ila usitoe nayo fatwa dukani. Kiarabu kitafuata.

Qurani sasa, hapo simu haikufai peke yake. Inakusomea, haikusikilizi. Sisi midomo yetu qafu na kafu tunazifanya moja, na kwa Waarabu qalbu ni moyo na kalbu ni mbwa. Unamwomba Mola akusafishie moyo, kumbe ulimi umemtaja mbwa! Tafuta mwalima anayesomesha kina mama mtaani kwako, ukae mbele yake akutazame mdomo, akurudishe herufi hiyo hiyo mara ishirini. Utachoka. Mimi nilianza na miaka arobaini na mbili, nikikaa na watoto wa darasa la tatu wanaonicheka.

Jumamosi baada ya alasiri nipigie unisomee Alhamdu. Nitatoka nje ya ghala, ndani wanachekecha dagaa, sitakusikia.

Baba yako