Kuondoa bathtabu kuukuu: maswali yenu, majibu ya mafundi

Barua za mwezi huu zimeingia bafuni, na karibu zote zimekuta humo bathtabu kuukuu. Tumezifupisha kidogo, majibu tumeyaacha marefu pale yanapostahili.

Habari za kazi. Nakaa ghorofa ya pili, Upanga, Dar es Salaam, jengo la zamani. Bathtabu imezibwa mbele kwa tofali na kubandikwa vigae, na kuta za shawa nazo ni vigae mpaka usawa wa kichwa. Nataka ibaki shawa ya kusimama, maana mama yangu hawezi tena kuvuka ule ukingo. Fundi anasema ataivunja kwa nyundo, siku moja kazi imekwisha. Jirani wa chini naye analalamika dari lake lina madoa ya maji. Nimruhusu huyu fundi? (S.M.)

Kwanza jueni bathtabu yenyewe ni ya nini. Sumaku peke yake haitoshi, kwa kuwa inanata kwenye chuma cha kusubu na kwenye bati la chuma vilevile. Igonge ubavuni kwa spana. Ikilia kama sufuria, ni bati la chuma lililopakwa enameli, na yenye urefu wa sentimita 170 ina uzito wa kilo 35 hadi 50. Ikitoa mlio mzito unaokatika papo hapo, ni chuma cha kusubu, na hapo jiandae kwa kilo 120 hadi 150. Ikitoa sauti ya ndoo ya plastiki na sumaku ikaanguka, ni akriliki, na watu wawili wanaibeba bila shida.

Fundi wako yuko sahihi nusu. Chuma cha kusubu huvunjika kwa nyundo, na kwenye ngazi za ghorofa kukivunja mara nyingi ni salama kuliko kukibeba kizima. Bati la chuma halivunjiki, linabonyea tu, na nyundo atakayolipiga itaishia kutikisa kuta. Hilo hutolewa zima.

Kuna kazi za kutangulia ambazo mafundi wengi huziruka. Funga koki ya tangi, kisha fungua bomba la chini kabisa maji yaishe kwenye mabomba. Koki kuukuu ikigoma usiilazimishe, izungushe kidogo mbele na nyuma ukitia mafuta, kwa sababu shina lake likikatika jengo zima linaweza kukosa maji. Kama shawa ni ya kuchemsha maji papo kwa papo, zima breka yake na uhakikishe kwa testa. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta takriban ampea 24, na waya wake umepita ndani ya ukuta huohuo utakaogongwa.

Baada ya hapo bomoa tofali za mbele. Kwa kawaida huwa zimeegemezwa tu bila kushikamanishwa na ukuta, kwa hiyo anza juu katikati, ukielekea upande usio na mabomba. Ukishapata nafasi ya kuingiza mkono utaona bomba la maji machafu (inchi moja na nusu) na lile la maji ya kufurika. Fungua nati ya chini. Ikiwa imeganda, likate bomba kwa msumeno wa chuma, lakini acha kipande cha kutosha upande wa sakafu. Ziba tundu mara moja kwa tambara lililofungwa kamba ndefu ili lisizame, na juu yake funga mfuko wa nailoni. Kipande kimoja cha kigae kikitumbukia humo kinatosha kuziba bomba la chini, na kukitoa maana yake ni kuchimba sakafu.

Sasa ukingo. Vigae vya ukutani vimeukalia ukingo wa bathtabu, na nyuma yake kuna saruji iliyoukaba pande tatu. Ndiyo maana watu huvuta kwa mtaimbo mpaka ukuta unapata ufa, na bathtabu haijasogea hata kidogo. Ondoa mstari mmoja wa chini wa vigae kuizunguka yote, kisha chokoa saruji ya ukingoni kwa tindo nyembamba hadi uone mwanya mzima. Hapo mtaimbo uliowekewa kipande cha mbao chini unaunyanyua upande wa mbele kwa urahisi. Isimamishe kwa kichwa, igeuze ubavu, itapita mlangoni. Upana wake ni sentimita 70, na mlango wa bafu wa zamani mara nyingi ni huohuo au pungufu, kwa hiyo ikilala kifudifudi haipiti.

Kama ni ya kuvunja, ifunikeni blanketi kuukuu. Enameli huruka kama vioo: miwani ya kazi, glavu nene, suruali ndefu na viatu vilivyofunika miguu, pamoja na vizibo vya masikio. Pigeni kuanzia ukingoni na ubavuni kwenda chini. Msianze sakafu ya bathtabu, kwa sababu hiyo imekaa juu ya zege, na kila pigo linashuka moja kwa moja kwenye lipu ya dari la jirani, ambaye tayari ana kesi na ninyi.

Vigae vya kuta vifuate baadaye. Katika majengo ya umri huo vimebandikwa juu ya saruji nene, milimita 20 hadi 25, wala havikubandikwa kwa gundi ya kisasa ya vigae. Tindo iingie nyuma ya saruji, si nyuma ya kigae. Hilti ndogo (mashine ya kubomolea) inasaidia, ila ukuta ukiwa wa tofali za inchi 5 au chini yake, iweke mshazari. Ukiielekeza moja kwa moja ukutani utatokea chumba cha pili.

Piga hesabu ya kifusi kabla hujaita kirikuu. Kuta tatu (mita 1.7, 0.7 na 0.7) kwa kimo cha mita 2 ni mita za mraba 6.2. Saruji na vigae vya aina hiyo ni takriban kilo 65 kwa kila mita ya mraba, maana yake kama kilo 400 za kuta peke yake, mifuko 16 ya kilo 25. Usijaze mfuko wa saruji mpaka juu, hakuna atakayeunyanyua, na usiurundike mzigo wote kona moja ya sebule. Sakafu za makazi hukadiriwa kubeba kama kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Shusheni kadiri mnavyobomoa.

Kuhusu jirani: angalieni mchanga au kifusi kilichojazwa chini ya bathtabu. Ukikuta umelowa upande wa tundu, washa ya mpira ya tundu ilikwisha zamani. Ukilowa ukutani, maji yalikuwa yakipita kwenye ungio la vigae na ukingo. Yote mawili yanaondoka pamoja na bathtabu, lakini unyevu unabaki. Toeni mchanga wote, zege liachwe likauke, wiki moja au zaidi, kabla ya kupaka dawa ya kuzuia maji. Ikipakwa juu ya unyevu itavimba na kubanduka.

Sakafu mpya iwe na mteremko wa sentimita 1.5 hadi 2 kwa mita, kuelekea trapu, yaani kikombe cha tundu la sakafu kinachobakiza maji. Trapu iwe na maji ya kina cha milimita 50. Pungufu ya hapo harufu na mende watapanda. Pakeni dawa mikono miwili, ukutani ipande mpaka juu ya kichwa cha shawa. Kabla ya kigae hata kimoja, zibeni tundu, jazeni maji sentimita 3, wekeni alama ya penseli na muache saa 24. Siku inayofuata mwende na jirani mkatazame dari lake pamoja. Hilo la kumwita aone mwenyewe si la kiufundi, ila litawapunguzia maneno.

Nilikuwa nafungua miksa ya bathtabu ili niitoe, bomba la chuma likakatikia ndani ya ukuta. Sehemu yenye nyuzi imebaki ndani ya elbo (kiungo cha kona). Nitafanyaje bila kuvunja ukuta wote? (Msomaji, South B, Nairobi)

Chukua uta wa msumeno wa chuma, toa wembe wake, funga kitambaa upande mmoja uwe mshikio. Ingiza ndani ya kipande kilichobaki ukate mfereji mmoja, polepole, mpaka uanze kuona nyuzi za elbo, usizidishe. Kata wa pili karibu na wa kwanza. Kipande cha katikati kigonge kwa tindo ndogo kiingie ndani, na pete yote italegea uitoe kwa plaizi. Kuna pia kifaa cha kutolea vipande vya bomba chenye nyuzi za kinyume, ila kwenye bomba lililooza mara nyingi hupanua elbo ikapasuka.

Kosa lilikuwa kugeuza miksa bila kushika elbo kwa spana ya pili. Bomba la chuma lililokaa ukutani miaka mingi limeliwa kwa ndani, na penye nyuzi ndipo lilipo jembamba zaidi. Kwa kweli, likikatika moja, mengine yako njiani. Kwa kuwa vigae vinatoka hata hivyo, ushauri wetu ni kuliacha bomba lote la zamani likiwa limezibwa na kupitisha bomba jipya la plastiki la PPR kutoka kwenye tangi, la milimita 25 hadi bafuni na milimita 20 kwenye miksa. La maji moto liwe la daraja la presha PN20. Mashine ya kuungia mabomba kwa joto iwe nyuzi joto 260. Bomba la milimita 20 linapashwa sekunde 5 na kuingizwa kina cha milimita 14 bila kuzungushwa. Fundi anayelizungusha wakati wa kuunga huacha plastiki iliyoyeyuka ikaziba njia, na wewe utasema presha ya maji ni ndogo.

Vichwa viwili vya miksa viachane milimita 150, katikati hadi katikati, na vyote vipimwe kwa pimamaji kabla ya kufukiwa.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, Unguja, bafu liko juu. Tukibandua vigae vya shawa lipu nayo inaporomoka, na nyuma ni mawe na chokaa inayomeguka kama unga. Fundi anataka kupiga saruji kali. (Bi. Z.)

Bibi, msimamishe kwanza. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Saruji kali huufungia ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache inabanduka mabamba mabamba pamoja na uso wa jiwe. Pengine ndivyo vigae vya sasa vilivyoiua hiyo lipu.

Msitumie mashine ya kutikisa. Banduzeni kwa mkono, mashimo yajazwe vipande vya jiwe kwa udongo wa chokaa (chokaa moja, mchanga tatu), na lipu ipigwe kwa tabaka za kama sentimita moja, kila moja ikinyunyiziwa maji isikauke ghafla. Na shawa? Hapo tusidanganyane: lipu ya chokaa haifai kupigwa maji kila siku. Jengeni ukuta mwembamba mpya, uliotengana na ule wa zamani kwa sentimita chache na wenye tundu la hewa juu na chini, vigae vikae juu yake.

Kubwa zaidi ni sakafu. Kama imekaa juu ya boriti za mikoko, chomeni ncha za boriti zilizoingia ukutani kwa bisibisi kabla ya watu wanne kukusanyika kunyanyua bathtabu. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliooza, wekeni nguzo chini kwanza. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hivyo pitieni pia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji kuhusu kibali kabla ya kugusa kuta na mabomba.

Tumenunua nyumba Columbus, Ohio. Bathtabu na kuta zake ni kipande kimoja cha faibaglasi, wala hakipiti mlangoni. Kiliingiaje? (Baba Imani)

Kiliwekwa nyumba ikiwa mifupa tu, milango na kuta za ndani zikafuata. Kutoka kwake ni kwa kukatwa. Ondoa kichujio cha tundu kwa ufunguo wake maalumu, kinyume cha saa, kisha kifuniko cha maji ya kufurika chenye skrubu moja au mbili. Kata jipsamu kama inchi 3 kuzunguka ukingo wa nje, utaona misumari iliyoshikilia ukingo huo kwenye nguzo za mbao. Ing'oe. Halafu kata kuta kwa msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi, wembe mfupi, maana mabomba na nyaya ziko nyuma kabisa. Vumbi la faibaglasi linawasha na halifai kifuani: barakoa ya N95 au bora zaidi, na mikono mirefu.

Nyumba ikiwa ya kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi yenye risasi, na za zamani zina uwezekano wa asbesto kwenye sakafu na viungio vya jipsamu. Sampuli ipelekwe maabara kwanza, msikate kwa kubahatisha.

Bathtabu ya chuma tuliyoitoa bado nzima. Tuiuze chuma chakavu? (Moshi)

Mkiwa na ng'ombe, hapana. Ziba tundu kwa plagi ya inchi moja na nusu na washa ya mpira, ikalishe juu ya mawe sawasawa, mna hodhi la kunyweshea la lita 150 au zaidi. Palipobanduka enameli pakwaruzwe na kupakwa rangi inayofaa matangi ya maji ya kunywa, kutu isiendelee, na kingo zenye ncha kali zipigwe tupa kwanza.