Nani Kawalipia Ukumbi? Kwa Mnaotaka Kurudia Filamu ya Zamani

Vijana wengi wanaokuja kwangu hapa Cheyo, mjini Tabora, kujifunza kazi ya filamu huja na wazo linalofanana: kuna filamu ya mapenzi ya wanafunzi waliyoipenda, wanataka waitengeneze upya, safari hii iwe ya Tabora. Siwakatazi. Na mimi nilianzia hapo hapo, na kosa nililolifanya nataka mlijue kabla hamjakodi kamera.

Niliipenda She's All That ya mwaka 1999. Niliiona kwenye kibanda umiza Isevya, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatutoka. Zack, kijana anayetamaniwa na shule nzima huko Los Angeles, anaachwa na mpenzi wake. Anawekeana dau na rafiki yake kwamba anaweza kumchukua msichana yeyote asiyetazamwa na mtu na kumfanya malkia wa dansi ya kumaliza shule. Anapewa Laney, mchoraji mkimya mwenye miwani. Miwani inavuliwa, nywele zinakatwa, anashuka ngazi na gauni jekundu, wimbo unaanza, mvulana anaduwaa. Baadaye dau linafichuka na msichana anagundua kwamba alikuwa mchezo wa watu.

Nikaandika vivyo hivyo. Ngazi niliziomba hotelini, gauni jekundu nikakodi kwa watu wa magauni ya sendofu, ukumbi tukaupamba kwa maputo. Tulipoionyesha pale Isevya, watu walikaa kimya, na hakikuwa kimya cha kuguswa. Ilipoisha, mama mmoja aliyempakata mtoto akaniuliza kwa upole kabisa: "Hawa watoto, nani kawalipia ukumbi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala. Swali lake nimelichukua kuwa kipimo, na nyinyi nawapa hicho hicho. Kila tukio mnaloliandika, ulizeni: nani kalipia, nani karuhusu, nyumbani wanamsubiri saa ngapi? Tukio lisilo na majibu hayo bado halijafika Tabora, hata kama waigizaji wote wamezaliwa Kitete.

Waamerika wenyewe waliirudia filamu ile mwaka 2021, wakaiita He's All That, ikatoka Netflix. Mwandishi alikuwa yule yule, R. Lee Fleming Jr., na muongozaji Mark Waters. Safari hii msichana ndiye anayeweka dau na mvulana ndiye anayebadilishwa. Padgett, huyo msichana, anaishi kwa wafuasi wa mtandaoni, na siku anayoaibika inarushwa moja kwa moja, kila mtu anaona. Hapo kwenye simu naona walifikiri vizuri, maana aibu ya kijana wa siku hizi inakaa kwenye simu. Lakini kumpa msichana nafasi ya mvulana, peke yake, hakutoshi kuifanya hadithi iwe mpya. Msije na hilo tu mkadhani mmemaliza.

Pia walimrudisha Rachael Leigh Cook, yule aliyekuwa Laney, awe mama wa Padgett. Inafurahisha kumwona, ila mwigizaji wa zamani anahitaji kazi ya kufanya, si salamu tu. Tazameni West Side Story ya mwaka huo huo wa 2021. Rita Moreno, aliyekuwa Anita katika ile ya 1961, anarudi akiwa Valentina, bibi mwenye duka, na wimbo ambao mwanzo waliuimba wapenzi wawili anaachiwa yeye auimbe peke yake. Maneno yale yale, lakini yakitoka kinywani mwa mtu mzima yanauma mahali pengine. Hivyo ndivyo kurudia kunavyotakiwa kuwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mkiipenda filamu, msiishie kwenye filamu. Chimbeni chini yake. Dau lile halikuanza mwaka 1999. Mwaka 1913 iliigizwa tamthilia ya George Bernard Shaw iitwayo Pygmalion, ambamo mtaalamu wa matamshi anaweka dau kwamba atamchukua Eliza, muuza maua wa London, amfundishe kusema mpaka watu wakubwa wadhani ni mwenzao. Hakuna miwani humo. Kinachombadilishia Eliza hadhi ni ulimi wake.

Niliposoma hayo nilikaa chini. Hapa kwetu nani anadharauliwa kwa kuvaa miwani? Sare ni moja, nywele wote wanakata. Lakini nani kati yetu hajaona msichana aliyetoka kijijini, Sikonge au Uyui, anasimama kidato cha kwanza kujibu swali kwa Kiingereza, lafudhi ya nyumbani inajitokeza, darasa zima linaangua kicheko? Anakaa chini. Miaka minne hanyooshi tena mkono. Hilo lilikuwepo mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nikihangaika na gauni.

Ndipo nikaandika upya. Wavulana wawili wa shule ya bweni wanawekeana dau, na dau lenyewe ni kipande cha nyama cha kila Jumamosi mpaka shule ifungwe. Mmoja anasema atamfanya yule msichana asiyesema asome risala ya wahitimu siku ya mahafali, mbele ya mgeni rasmi. Badala ya ukumbi wa maputo tukapata turubai uwanjani, na taji la malkia likawa mashada. Mmeona mahafali ya kidato cha nne: wengine wanavishwa mashada na shangazi, mjomba, jirani, mpaka uso unafichika, na pembeni kuna mmoja shingo yake iko wazi kwa sababu nauli ya nyumbani haikupatikana. Kwetu, hapo ndipo kijana anapopimwa hadharani. Tafuteni mahali pa namna hiyo kabla hamjatafuta kingine chochote.

Hapa Tabora tuna mtangulizi mkubwa wa kazi hii. Mwalimu Nyerere alisoma sekondari katika mji huu, na baadaye, akiwa Rais, alimtafsiri Shakespeare. Mfanyabiashara wa tamthilia ya The Merchant of Venice alimgeuza mabepari, akakiita kitabu Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Neno moja, na hadithi ya Ulaya ikaanza kuzungumza na watu wake juu ya jambo lililokuwa likiwakereketa wakati ule. Mimi huwa nalitazama neno lile kila ninapokwama.

Kuhusu mapenzi yenyewe, kuweni waangalifu, na nalisema hili kwa uzito. Sheria yetu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na kila mzazi atakayekaa mbele ya filamu yenu atakuwa na hofu hiyo kifuani. Msiidharau hofu hiyo, itumieni. Waigizaji wawe watu wazima, miaka 18 kwenda juu. Mapenzi yaonekane kwenye daftari lililorudishwa likiwa limefunikwa gazeti jipya, au ndoo iliyobebwa bila kuombwa.

Tukio la ngazi nililibadilisha hivi. Ni usiku wa prepu, darasa limebaki na watu wawili. Kamera haina uso, ina kidole tu. Kidole cha msichana kinatembea chini ya mstari wa daftari, kucha ina wino. Kinafika kwenye neno lile refu lililolichekesha darasa miaka minne iliyopita, kinasimama. Tunasikia anavuta pumzi. Kisha kidole kinaondoka kwenye karatasi na sauti inalisema neno lote, bila kusoma. Hatukuweka muziki. Mhariri wangu alitaka kupunguza, nikamwomba aache sekunde zote 40.

Haki nazo, kwa kifupi. Wazo la dau halina mwenyewe, kila mtu anaweza kulitumia. Mazungumzo, mpangilio wa matukio na nyimbo za filamu ile vina wenyewe, msiviguse bila ruhusa. Tafuteni mpiga gitaa wa hapa, mlipeni, mwandikishane. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe kabla ya kuanza kupiga picha.

Jumamosi tunapiga tukio la mashada kule Ipuli, chini ya miembe. Njooni saa mbili asubuhi, jua halijawa kali. Kila mmoja aje na shada moja la kuazima, na mmoja wenu atakayeigiza yule mwenye shingo wazi asije na kitu.