Muulize Mjomba: Picha ya babu askari wa Mjerumani imetuvurugia nyumba

SWALI: Shikamoo Mjomba. Naandika kutoka Mbagala, roho inaniuma kweli. Mwezi uliopita mume wangu kaleta picha ya babu yake wa zamani, baba wa babu yake, kaikuza kaitia fremu ya rangi ya dhahabu kaitundika sebuleni juu ya TV. Mzee kavaa tarbushi yenye alama ya tai, bunduki mkononi, alikuwa askari wa Mjerumani. Juzi wazazi wangu wamekuja kutoka Songea, sisi ni Wangoni, baba kafika mlangoni kaiona akaganda hapohapo na begi lake, hakukaa wala maji hakunywa. Akasema hawa ndio waliotuchomea maghala, akaenda kulala kwa dada yangu. Mume wangu naye kakasirika anasema mbona pale Posta kuna Sanamu ya Askari miaka yote na hakuna anayelalamika, basi nayo ingolewe. Nani yuko sahihi Mjomba, na mimi nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na hapo Posta maana mumeo kachanganya. Yule askari wa shaba pale Samora si wa Mjerumani, ni wa upande wa Mwingereza, wa Vita ya Kwanza ya Dunia, amesimikwa 1927, na bayoneti yake inaangalia bandarini. Kabla yake palepale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, Wajerumani waliiweka 1909, mzungu kasimama juu na chini yake askari mweusi anamwangalia. Wazee wa mjini jina hilo liliwapiga chenga wakalitamka Bismini, na sehemu ile ikaitwa hivyohivyo. Huyo Wissmann ndiye aliyeletwa 1889 kuzima vita ya Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani kumpinga Mjerumani, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo, halafu watu wa pwani wakawa wanapita chini ya sanamu yake kila siku wakienda sokoni, hebu fikiria. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaiondoa, mwisho ikaenda Hamburg ikawekwa mbele ya chuo kikuu, wanafunzi wa kulekule Ujerumani wakaiangusha 1967, ikasimamishwa tena, 1968 wakaiangusha na safari hiyo haikurudi. Kwahiyo asikudanganye mtu kwamba kuhoji sanamu ni chuki ya watu wa Songea, hata wajukuu wa wenye sanamu walihoji.

Sasa baba yako. Mwanangu, baba yako hasemi hadithi za kutunga. Vita ya Majimaji, 1905 mpaka 1907, Mjerumani alipoona risasi peke yake haitoshi akageukia chakula, mashamba yakachomwa, maghala yakachomwa, watu wakafa njaa Ungoni kote. Tarehe 27 Februari 1906 pale Songea walinyongwa watu 67, karibu wote wakafukiwa kaburi moja, na kila mwaka tarehe hiyo watu bado wanakusanyika pale Makumbusho ya Majimaji. Na wengi walioshika viberiti walikuwa weusi wenzetu wenye tarbushi kama ile ya sebuleni kwako. Mimi ningekuwa baba yako na mimi nisingekaa.

Lakini mumeo naye simlaumu kumpenda babu yake. Hao askari wa mwanzo wengine walitolewa Sudan na Msumbiji, baadae wakaingia vijana wa humuhumu, kuna aliyefuata mshahara na kuna ambaye hakuwa na pa kwenda. Muulize kwa upole, mzee aliingia jeshi mwaka gani, alipelekwa wapi? Kama aliingia 1914 akapigana Tanga hiyo ni habari nyingine kabisa na aliyekuwa Ungoni 1905. Kama hajui basi kaitundika picha asiyoijua. Kumkumbuka babu ni haki yake, bila mzee yule yeye asingekuwepo, ila juu ya TV na fremu ya dhahabu ni kiti cha heshima, na kila mgeni anayeingia unamlazimisha apige saluti. Mwambie aishushe aiweke chumbani au kwenye albamu, na asiichane.

Sanamu ya Posta mimi nasema ibaki, ila naomba tusome maandishi yake kwa sauti. Yanawataja na wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, hapo machozi hunilenga maana makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na magonjwa wamebeba mizigo ya watu, na Kariakoo yetu imepata jina kwa hao Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Halafu yanasema walikufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Mfalme yupi huyo wa mpagazi wa Kizaramo? Na yanamaliza kwa kuahidi kwamba ukifa wanao watalikumbuka jina lako, wakati pale hakuna jina hata moja la mtu. Serikali iweke kibao pembeni kiseme hayo wazi, na kimtaje na Bismini aliyetangulia.

Nyumbani kwako fanya hivi. Nenda kwa dada yako na mumeo, aanze yeye kumwomba radhi mkwe wake kwa kumkuta na picha ile bila kuambiwa. Beba daftari. Mwombe baba akutajie waliokufa na njaa ile kwenu, mmoja mmoja, uandike, na ukurasa wa pili mumeo aandike jina la babu yake na yote anayoyajua kumhusu, hata yale mabaya.