Uwanja wa gofu uliouzwa ukarudi kwa wenyewe

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mhariri. Juzi tumekaa barazani hapa Shella, Malindi, runinga inaonyesha gofu ya St Andrews kule Scotland, ami yangu akasema ati uwanja ule ni wa mji si wa klabu, tena uliwahi kuuzwa ukarudi. Mi nikakataa katakata. Gofu ni ya matajiri, na ardhi ya umma ikishauzwa ndo basi, si twajua sote. Tumebishana mpaka adhana ya isha. Nani yuko sawa?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Ami yako yuko sawa kwa yote mawili, kamtake radhi.

Ardhi yenyewe ni mchanga wa bahari, matuta kama yale ya Mambrui, nyasi fupi zimeng'ang'ania na upepo juu, hapo hulimi kitu, basi watu wa mji walikuwa wakichunga wanyama, wanaanika nguo, wanacheza. Mwaka 1552, miaka 54 tu baada ya Vasco da Gama kutia nanga hapa kwetu, askofu mkuu John Hamilton alitaka kufuga sungura pale na hati ikaandikwa, na ndani ya hati ile haki ya wenyeji kucheza gofu na mpira ikatiwa kabisa. Hilo la kuandikwa ndo nalipenda mimi, manake maneno ya mdomo hupotea na wazee wake.

Sasa 1797 mji ukafilisika, ardhi ikauzwa, wakaingia wafanyabiashara wa sungura. Hebu fikiria, umeupiga mpira wako vizuri, unaviringika weeee, halafu tumbukizi, umezama kwenye shimo la sungura. Wenyeji hawakunyamaza, walienda kortini, sungura wakauawa, ugomvi ukala miaka, mpaka 1821 mwenye mashamba wa hapohapo, James Cheape, mpenda gofu mwenyewe, akainunua ndo watu wakapumua. Lakini bado ilikuwa mali ya mtu. Ni 1894 ndipo mji ulipoirudisha mikononi, kwa sheria ya bunge. Hesabu mwenyewe, miaka 97! Waliouza wako kaburini zamani, wajukuu zao ndo waliopokea. Kwa hivyo wewe na wenzako mnaochezea kiwanja cha mtaa, msiseme ndo basi, nendeni ofisi ya ardhi Kilifi mfanye sachi mjue kimeandikwa jina la nani, na mfanye sasa.

Hata yale mashimo 18 ya mzunguko mmoja wa gofu, unayoyasikia dunia nzima, yametoka hapo, mwanzo mzunguko ulikuwa 22, mwaka 1764 mashimo manne ya kwanza yakaunganishwa yakawa mawili, na kwa kuwa watu walikuwa wakienda na kurudi njia ileile yakapungua manne jumla. Na gofu ya umma si Scotland peke yake, New York nao walifungua uwanja wa umma pale Van Cortlandt Park mwaka 1895.

Na kwamba ni wa mji utaona hata kwa wasiocheza, uwanja mkongwe wa St Andrews hufungwa kwa gofu Jumapili, ila kukiwa na mashindano makubwa. Jumapili hiyo ya kufungwa hakuna magongo, mtu anapita tu na wanawe na mbwa wake juu ya nyasi zilezile mlizokuwa mkizitazama barazani, na hamna anayemuuliza unaenda wapi.