Uliza Anti: Viti vyenye mikono, picha za matembezi na maswali mengine ya mwezi huu

Mwezi huu mmeniamulia. Barua karibu zote ni za shughuli za LGBT (mashoga, wasagaji, wanaopenda jinsia zote na watu waliobadili jinsia), matembezi, mikusanyiko ya vibonge, kukubali mwili, nani aje nani asije. Nimezifupisha, majina nimeyatoa hata kwa wale waliosema niyaache, na matusi nimeyatupa bila kuyajibu. Twende.

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni kijana wa kiume, ni shoga na ni bonge, tena bonge kweli, sio lile la kuitwa kwa utani. Nipo kwenye grupu la LGBT na kila wakiwa na shughuli wananialika, sasa ya juzi nimefika nakuta viti vyote ni vile vya plastiki vyenye mikono, nimesimama toka mwanzo mpaka mwisho nasingizia mgongo. Tisheti za kundi nazo zimeishia XL. Bango limeandikwa "wote mnakaribishwa" na picha yake ni kaka mmoja ana kifua kama kimechongwa. Hakuna aliyenitukana, ndo maana hata kulalamika nashindwa, nitaanza na neno gani? (Bonge wa Nyuma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na neno kiti. Hotuba ya ubaguzi iache kwanza, mfuate anayeshughulika na ukumbi umwambie hivi hivi, mkichukua viti tena nusu viwe visivyo na mikono au muweke mabenchi, na muulize vinabeba kilo ngapi, manake vile vyepesi mguu unafunguka taratibu halafu paa, mtu yuko chini na ukumbi mzima umegeuka, na aliyepatwa na hiyo harudi tena na wala hawaambii kwa nini harudi. Tisheti vilevile, kwenye fomu ya kujiandikisha waweke sehemu ya saizi, zipande mpaka 4XL 5XL, ziagizwe mapema pamoja na za wengine, hiyo habari ya "tutaona kama zitapatikana" waiache. Ukiongea hivyo unampa mtu kazi, na mtu aliyepewa kazi hana muda wa kujitetea. Bango nalo watabadilisha wenyewe wakishakuona umekaa mbele.

Halafu ujue hujaanza wewe. Miaka ya 80 San Francisco mashoga wanene na wenye manyoya mwilini walichoshwa na hivyo hivyo vifua vya kuchongwa wakaanza kukutana kivyao, wakajiita dubu, mwaka 1987 wakapata na jarida lao, na siku hizi dubu wana mikusanyiko nchi nyingi. (Na wenyewe baadaye wakaanza kuchambuana nani dubu wa kweli na nani anajifanya, binadamu hatuna dawa.)

Upande wa vibonge kwa ujumla, mwaka 1967 watu kama 500 walijaa Central Park pale New York na mabango yao, wakachoma vitabu vya daiti pamoja na picha ya Twiggy, yule mwanamitindo mwembamba aliyekuwa anavuma wakati huo. Mwaka 1969 injinia mmoja anaitwa Bill Fabrey akaanzisha chama cha kutetea wanene, NAAFA, na mwenyewe wala hakuwa mnene, alikuwa amechoka kuona mke wake anavyofanyiwa na watu. Sasa angalia, mwaka huo huo 1969, jiji hilo hilo, usiku wa kuamkia 28 Juni polisi wakavamia baa ya mashoga ya Stonewall na waliokuwepo wakagoma kutawanyika, na ilipofika 28 Juni 1970 wakaandamana kuikumbuka, na maandamano yakaishia wapi? Central Park. Bustani ile ile. Miaka mitatu mbele, Los Angeles, Judy Freespirit ambaye alikuwa mwanamke anayependa wanawake, yeye na mwenzake Aldebaran, wakaandika tamko la ukombozi wa wanene na wakasema wazi kwamba adui yao ni biashara ya kupunguza watu uzito. Kwa hiyo siku mtu akikwambia mambo ya unene yasiletwe kwenye mambo ya LGBT mwambie yalishakuwepo, tena walioyaleta ni watu wenu wenyewe.

SWALI: Anti mimi niko kamati ya maandalizi. Tulifanya matembezi mazuri tu, vijana wetu wa picha wakaposti albamu nzima usiku ule ule, asubuhi dada mmoja anapiga simu analia, bosi wake kamuona. Tumefuta lakini skrinshoti zilishatembea. Wenzangu wanasema ukija hadharani umeshakubali kupigwa picha. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na hao wenzako wakiniudhi zaidi nitawaandikia ukurasa mzima. Mtu aliyeamua kutembea barabarani kwa saa mbili ameamua hizo saa mbili, hajaamua kukaa kwenye simu ya bosi wake maisha yote.

Hili jambo limeshaumiza watu kabla hata simu hazijawa na kamera. Sydney, 24 Juni 1978, ile Mardi Gras (maandamano ya mashoga na wasagaji wa huko) ya kwanza kabisa, polisi walikamata watu 53, halafu gazeti likachapisha majina yao, anwani zao na kazi wanazofanya. Kuna waliofukuzwa kazi, kuna waliofukuzwa nyumbani. Mashtaka mengi yalikuja kufutwa lakini jina likishachapishwa limechapishwa, gazeti na bunge la jimbo wameomba radhi mwaka 2016, hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hapo. Na Johannesburg, 13 Oktoba 1990, maandamano ya kwanza ya aina hii Afrika, baadhi ya watu walitembea wamevaa mifuko ya karatasi kichwani imetobolewa macho.  Walitembea na mifuko yao pembeni ya wanaharakati Simon Nkoli na Bev Ditsie ambao nyuso zao zilikuwa wazi, na wote wakahesabika.

Kwa hiyo matembezi yajayo fanyeni hivi. Mlangoni au pale pa kukusanyikia wekeni utepe au stika ya rangi moja inayojulikana, aliyevaa hiyo hapigwi picha, basi, hata kwa nyuma hata kwa mbali. Mpiga picha awe mmoja au wawili mnaowajua na waambiwe kabla, na tangazo lisemwe kwenye maiki zaidi ya mara moja kwa ajili ya wanaochelewa. Albamu ikae kwanza siku kadhaa, mtu mmoja mwenye macho aipitie picha moja moja aangalie na waliotokea nyuma kwa bahati mbaya, manake hao ndo wanaumia, yule wa mbele anayecheka na bendera mara nyingi alishajua anapigwa. Nyuso zifunikwe kwa kitu kizito, ule ukungu mwepesi wa programu za simu mtu anayekujua anakutambua kwa nguo tu. Vibonge nao wana kesi yao hapa hapa, msiweke picha ya mtu anakula au ameinama halafu mkaisifia "anajikubali huyu", mlimuuliza?

Huyo dada msimuache kwenye simu. Nendeni kwake watu wawili, mumuombe radhi kwa niaba ya kamati bila kuanza kueleza nani alibonyeza, na kama kazi imeingia hatarini mtafutieni mwanasheria, gharama iwe ya kundi.

SWALI: Mimi ni mama wa mtu mzima sasa, mwanangu wa kiume ameniambia anapenda wanaume. Nimelia nimemaliza. Sasa kuna matembezi na ananiambia mama twende, mimi miguu inataka ila moyo unaniambia watu watasema huyu mama ndiye aliyemlea vibaya. Niende?

JIBU: Mama mwenzangu, watasema, tena watasema ukienda na watasema usipoenda.

Nikusimulie ya Jeanne Manford, mwalimu wa shule huko New York. Mwanae Morty alipigwa mwaka 1972 kwenye harakati hizi, mama akaandika barua gazetini akasema nina mtoto shoga na ninampenda. Juni mwaka huo akatembea naye kwenye maandamano kashika bango la kuwaita wazazi waungane kuwatetea watoto wao. Watu pembeni wakaanza kupiga makofi na kushangilia na yeye akajua wanamshangilia Dokta Spock, yule daktari maarufu wa watoto aliyekuwa anatembea karibu yake. Kumbe ni yeye. Vijana wakawa wanatoka kwenye msafara wanamkumbatia, wanamuomba aende akaongee na mama zao. Mwaka 1973 akaitisha mkutano wa wazazi kanisani, wakaja watu kama 20 tu, na hicho ndo chama kinachoitwa PFLAG mpaka leo.

Mimi naona uende. Lakini usibebe bango siku ya kwanza kama hutaki, tembea tu pembeni yake, na mkubaliane kabla mkichoka mnatokea njia gani. Ukishindwa kabisa kwenda mwambie ukweli kwamba unaogopa maneno ya watu, usimdanganye unaumwa, atajua.

SWALI: Mimi si LGBT na si mnene, naweza kuja au nitaonekana mmbea?

JIBU: Njoo. Mwaka 1984 mashoga na wasagaji wa London walichangisha hela kwa ajili ya wachimba makaa ya mawe waliokuwa kwenye mgomo, hawakuwa wachimba migodi hata mmoja labda, na Juni 1985 wachimbaji wakaja wakaongoza maandamano ya mashoga London. Ukija chukua kazi ya kubeba viti. Maiki waachie wenyewe.

SWALI: Anti tuseme ukweli. Mambo ya LGBT naweza kuelewa, mtu kazaliwa hivyo, ila hii ya kukubali unene si mnahamasisha magonjwa? Daktari mwenyewe anasema punguza.

JIBU: Swali halali hili, sitakugombeza. Kwamba uzito mkubwa unaongeza uwezekano wa baadhi ya magonjwa kama kisukari, hilo lipo na wala sitalifunika. Lakini kwenye hizi shughuli hakuna anayesimama jukwaani akasema neneeni. Watu wanadai kuajiriwa, kupangishwa nyumba, kukaa kwenye kiti, kutibiwa sikio bila kuambiwa kwanza punguza kilo. Hiyo ya sikio nimeandikiwa na wasomaji zaidi ya mmoja, mtu anaumwa kitu kingine kabisa daktari anaangalia tumbo, na matokeo yake mtu anaacha kwenda hospitali mpaka ugonjwa umeshakomaa. Hapo nani kahamasisha ugonjwa?

Na hicho kipimo wanachokupimia, BMI, kilo kugawa kwa urefu mara urefu, kilitungwa miaka ya 1830 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa hesabu na nyota, wala hakuwa daktari, alikuwa anatafuta binadamu wa wastani kwenye takwimu zake, na hilo jina la BMI limekuja mwaka 1972. Hakitofautishi msuli na mafuta. Kinasaidia kuangalia watu wengi kwa pamoja, ila kumhukumu mtu mmoja mlangoni hakifai. Jimbo la Michigan Marekani lilishakataza ubaguzi wa uzito kazini toka 1976, na jiji la New York likafuata mwaka 2023.

Na wewe unayesema LGBT unaelewa, kumbuka na wao walikuwa kwenye kitabu cha madaktari. Shirika la Afya Duniani limeondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa 17 Mei 1990, ndo maana kila 17 Mei kuna shughuli. Kabla ya hapo hiyo hoja yako ya "daktari mwenyewe anasema" ndiyo waliyokuwa wanapigiwa nayo.

SWALI: Kwetu sheria ni kali, LGBT hata kukutana tunaogopa. Tumepata wazo, tutangaze shughuli ya kukubali miili, wanene waje, wembamba waje, wenye makovu na wenye vitiligo (mabaka meupe kwenye ngozi) waje, halafu ndani yake sisi tukutane kimyakimya. Unaonaje?

JIBU: Kwanza jueni sheria yenu imekataza nini hasa, muulizeni mwanasheria sio grupu. Kuna nchi tendo la jinsia moja limekatazwa lakini kukusanyika hapana. Botswana chama cha watu wa LGBT kinachoitwa LEGABIBO kilinyimwa usajili, kikaenda mahakamani, kikashinda mwaka 2014 na tena kwenye rufaa 2016, wakati tendo lenyewe lilikuwa bado kosa mpaka mahakama ilipolifuta 2019. Walipata kwanza haki ya kukaa pamoja, mengine yakafuata. Lakini kuna nchi nyingine hata kutetea ni kosa, Uganda kwa sheria ya 2023 "kuhamasisha" peke yake kunaweza kukupa mpaka miaka 20, na huko sitamwambia mtu yeyote atangaze chochote.

Sasa wazo lenu. Shughuli ya miili ni nzuri na ifanyeni kweli, isiwe pazia. Tatizo langu ni yule mama mwenye kovu la moto aliyekuja kwa ajili ya kovu lake, polisi wakigonga mlango yeye atajibu nini wakati hata hajui alikuwa kwenye mkutano gani? Mmemuingiza kwenye hatari yenu bila kumuuliza, na ni yeye aliyekuja akitafuta sehemu salama. Waulizeni kwanza hao mnaotaka kuwaalika, mmoja mmoja, ana kwa ana. Akisita hata mmoja basi siku hiyo iwe ya miili tu, na nyinyi mpange siku nyingine, watu wachache mnaojuana, mahali msipopataja kwenye grupu, na namba ya mwanasheria kila mtu awe ameikariri kichwani manake simu ndo kitu cha kwanza wanachochukua.