Kubadilisha bitcoin kuwa Monero: yaliyonikuta mimi

Mkuu uliyeuliza kama ukibadilisha bitcoin zako kuwa Monero, ile sarafu ya kidijitali inayoficha nani kamlipa nani na kiasi gani, "historia yote inafutika": haifutiki. Hata hivyo mimi nilibadilisha, na sijuti. Ngoja nikupe kisa kizima.

Mimi ni mfasiri, natafsiri na kuandika manukuu ya video. Wateja wangu wawili wa nje walianza kunilipa kwa bitcoin mwaka 2021, na kwa uvivu wangu nikawapa wote anwani ile ile ya kupokelea. Siku moja tunapatana bei ya kazi mpya, mmoja wao ananiandikia, kwa upole kabisa, kwamba anaona mwezi huu mambo yangu si mabaya, kwa hiyo nimpunguzie kidogo. Nikadhani utani. Kumbe jamaa alichukua anwani niliyompa, akaibandika kwenye tovuti ya kutazama miamala, na akaona yote yaliyoingia na kutoka, pamoja na malipo ya yule mwenzake aliyekuwa ananilipa zaidi. Hakudukua chochote. Daftari la Bitcoin liko wazi kwa dunia nzima tangu Januari 2009. Anwani ni jina la bandia tu, na mtu akishajua kwamba jina hilo ni lako, basi umeshaanikwa.

Wengine watasema dawa ni kutumia anwani mpya kwa kila mteja. Ni kweli, pochi nyingi (yaani programu za kutunzia sarafu hizi) zinakutengenezea zenyewe bila malipo, na kama ungekuwa unaanza leo ningekuambia uanzie hapo. Shida inakuja siku ya kutumia. Ukilipa kitu kikubwa, pochi inakusanya vipande kutoka anwani zako kadhaa na kuvitoa kwa muamala mmoja, na mtazamaji anaelewa mara moja kwamba zote zina mwenyewe mmoja.

Monero, iliyoanza Aprili 2014, imejengwa tofauti. Kila malipo yanaingia kwenye anwani ya mara moja, kwa hiyo hata niliyempa anwani yangu hawezi kuitumia kuchungulia salio. Kiasi kimefichwa tangu 2017. Upande wa mtumaji, wazia barua ya malalamiko iliyopigwa dole gumba na wanakijiji kumi na sita: mkuu wa wilaya anajua mmoja wao ndiye aliyeiandika, ila hajui yupi. Kwenye Monero, idadi ya wanaodhaniwa kuwa mtumaji imekuwa hiyo kumi na sita tangu maboresho ya Agosti 2022. Kuna mtu kataja Zcash, sarafu nyingine ya faragha. Nayo ni nzuri, lakini ina anwani za aina mbili, za wazi na za kufichwa, na ukipokea kwenye ya wazi umerudi pale pale kwenye Bitcoin. Mimi nilitaka kitu kisichonipa nafasi ya kukosea.

Kukosea nilikosea hata hivyo. Nilitumia kampuni moja ya kubadilisha papo kwa papo (jina siliweki), ile ya kuweka anwani yako ya Monero, wanakupa anwani yao ya Bitcoin, unatuma, unasubiri. Nikachagua bei isiyobadilika, yenye muda wa kuisha. Halafu ubahili ukanishika, nikaweka ada ndogo ya mtandao. Bloku ya Bitcoin, yaani fungu la miamala linaloandikwa kwenye daftari, inatoka wastani wa kila dakika 10, lakini wachimbaji, wale wanaoziandika hizo bloku, wanabeba kwanza wanaolipa vizuri. Muamala wangu ulikaa foleni saa sita. Ulipoingia, muda wa bei ulishapita, na oda ikasimama. Nikaandikiwa barua pepe: tuma pasipoti, selfi, na maelezo ya bitcoin hizi zilikotoka. Mimi niliyekuwa nakimbilia faragha! Nikarudi kusoma maandishi yao madogo, kumbe walishasema kwamba wana haki ya kudai hivyo. Nikatuma ankara za wateja. Ilichukua siku tisa.

Monero zilipotumwa, pochi ikaonyesha sifuri. Nililala vibaya usiku ule. Asubuhi nikagundua pochi ilikuwa bado inasoma bloku za nyuma. Pochi ya Monero haionyeshi salio lako mpaka imekagua yenyewe kipi ni chako. Ilipomaliza, hela zilikuwapo. Na malipo yoyote mapya yanafungwa kwa bloku 10, yaani kama dakika 20, kabla hujayatumia. Kwa hiyo usihangaike kama nilivyohangaika.

Sasa rudi kwenye swali lako. Kwenye daftari la Bitcoin imeandikwa, na itabaki, kwamba anwani yangu ilituma kiasi fulani kwa kampuni ile. Kampuni inajua anwani ya Monero niliyopokelea, kiasi, saa, na sasa hata sura yangu. Kilichofichika ni yale yaliyofuata baada ya hapo. Kama unatafuta kufuta nyayo za hela ambazo si zako, mimi si mtu wa kukusaidia.

Jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu ni kutoka, yaani kuigeuza Monero kuwa hela ya kawaida. Soko kubwa la sarafu hizi, Binance, waliiondoa Monero Februari 2024, wenzao OKX walishatangulia, na LocalMonero, palipokuwa mahali pa watu kuuziana wenyewe kwa wenyewe, walifunga mwaka huo huo. Kwa hapa Tanzania, mimi sijapata mtu wa kunilipa shilingi kwenye M-Pesa kwa Monero. Inabidi nirudi kwanza kwenye bitcoin au USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola), na kila kugeuza kuna makato yake. Ndiyo maana siweki huko akiba yote, naweka sehemu tu.

Na kodi iko pale pale. Sheria ya Fedha ya 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, kwa hiyo ankara zangu zote nimetunza. Monero ina ufunguo wa kutazama, ambao wewe unaweza kumpa mhasibu aone yaliyoingia bila uwezo wa kutumia hata senti.

Ukiamua, anza na kiasi ambacho kikipotea utanuna siku moja tu. Andika namba ya oda, weka anwani ya kurudishiwa, na linganisha herufi za mwanzo na za mwisho za anwani kabla ya kutuma, maana kuna virusi vinavyobadilisha ulichonakili. Pochi ipakue getmonero.org, usibofye matangazo.

Yule mteja bado tunafanya kazi. Nilimpa anwani mpya ya Monero, ile inayoanza na 8, na wiki iliyofuata akaniuliza mbona akiibandika haoni kitu. Bei sikushusha.